Pilau ya Krismasi ya kuoda hapa Unguja, maoni yangu baada ya sikukuu iliyopita

Wengi kanisani wameniuliza kuhusu yule bi aliyetupikia Krismasi iliyopita, wanataka kujua chakula kilikuwaje, bei gani, na kama kweli inafaa familia ya Kikristo kuoda chakula cha sikukuu badala ya kupika wenyewe, basi nimeona niandike hapa kila mtu asome. Ntaeleza chakula na ntaeleza huduma lakini siwezi kuvieleza peke yake, manake sisi hatukuoda kwa uvivu wala kwa kujionesha, tulikuwa tunatafuta amani ndani ya nyumba, na kwa hilo ndo naipima hii huduma zaidi hata kuliko ladha.

Jina na namba yake siweki, mwenyewe ameomba isitembee mitandaoni kwa sababu anapikia nyumbani kwake na wanawe na hawezi kupokea oda za watu wasiojulikana. Yuko Kikwajuni, kazi yake hasa ni vyakula vya harusi na maulidi, ukiwauliza wapishi wa harusi wa mitaa ile watakufikisha. Ni Muislamu, na hilo nalisema mapema kwa sababu ndo sababu kubwa ya sisi kumchagua.

Kwa asiyezijua sikukuu zetu, mavyaa, yaani mama wa mume wangu, ana watoto wengi, wengine tuko hapa Unguja wengine wanakuja na boti kutoka Dar tarehe 23 na 24, boti zimejaa watu wanafika wameshachoka, nyumba pale Ng'ambo inajaa, magodoro chini, foleni ya choo, watoto hawalali, halafu katikati ya hayo pilau ya watu thelathini itoke kwenye jiko moja la mkaa na jiko moja la gesi. Na wanaoitoa ni nani, ni wakaza wana, yaani sisi tulioolewa pale. Miaka yote ni hivo, watoto wa kuzaliwa wa nyumba wanavaa wanakwenda misa, wake za watu wanabaki kumenya mbatata na kuchambua mchele, wanaume wanaporudi wanakaa barazani wanasubiri. Mwenye kubaki anakasirika, na ana haki ya kukasirika, lakini hasemi siku ile, anasema usiku wakati wa kuosha vyombo, au anamwambia mumewe chumbani na mumewe anatoka kumwambia dada yake, na tarehe 26 ambayo ni sikukuu pia watu wanaamka hawasalimiani. Ugomvi wetu mwingi wa Krismasi ukiufuatilia mwanzo wake ni jikoni, hata ule ambao mwishoni watu wanatajiana shamba na urithi.

Sasa mavyaa ana jambo lake na misa ya Krismasi pale kanisa la Anglikana la Mkunazini. Kila mwaka anawahadithia wajukuu, kwamba soko la watumwa lilikuwa pale pale, likafungwa Juni 1873, na mwaka ule ule siku ya Krismasi likawekwa jiwe la msingi la kanisa, ibada ya kwanza ikafanywa Krismasi ya 1877 jengo halijamalizika, likaja kumalizika miaka michache baadaye chini ya Askofu Steere. Wajukuu wao wanapenda zaidi kuoneshwa zile nguzo zilizosimamishwa juu chini, mafundi walizikosea askofu akiwa hayupo na zikaachwa hivo mpaka leo. Lakini Majilio iliyopita, zile wiki za kujiandaa na Krismasi, tukiwa tumekaa kwenye sala ya jioni, mavyaa akaendelea na habari yake mpaka mahali ambapo hajawahi kufika. Akasema kanisa lile lilijengwa pale ili watu waliokuwa wanauzwa wajue mbele ya Mungu hakuna bwana na mtumwa, sasa inakuwaje siku ile ile mie naenda kukaa kwenye kiti cha mbele na mke wa mwanangu nimemuacha nyumbani anapalia makaa. Akasema mwaka huu hakuna atakayebaki. Tukamuuliza chakula je, akasema chakula kitajulikana.

Mie nilinyamaza tu, lakini moyoni nilimshukuru Mungu, manake maneno yale angeyasema mkaza mwana yangekuwa ugomvi, yametoka kwa mavyaa yakawa amri. Jioni ile tukasoma Luka 10, Martha na Mariamu. Nimeisikia habari ile tangu skuli ya Jumapili na siku zote nilikuwa nasikia Martha akilaumiwa, lakini hebu angalieni, Bwana anamwambia Martha unasumbuka kwa ajili ya vitu vingi, hamwambii chakula chako hakina maana. Mwenye kumsumbua Martha ni wingi wa vitu na kuachwa peke yake. Ukimuondolea hayo na yeye atakuja kukaa chini asikilize. Kwa hiyo kuoda pilau kwa imani yangu ni kumpa Martha nafasi.

Sababu ya pili ni wifi yangu mkubwa. Yeye aliolewa na Muislamu na akasilimu, ni miaka sasa, ana watoto na maisha yake mazuri tu. Krismasi anakuja kwa mama yake, hajawahi kukosa, anakuja na wanawe wamevaa vizuri, na Idd sisi ndo tunakwenda kwake. Tatizo lilikuwa meza. Alikuwa hawezi kula kwa amani kwa sababu hajui nyama imechinjwa na nani, na kuna shemeji yetu wa Dar akija lazima alete kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, sufuria zinachanganyika, nani atajua ipi imepikiwa nini. Basi wifi akawa anakuja na hotpoti yake mwenyewe, anawapakulia wanawe pembeni, na mama yake akimuona analia. Sio kwamba anamlaumu, analia tu, na mama akilia kila mtu anatafuta wa kumlaumu, huyu anasema wifi anajitenga, yule anasema ni kosa la mwenye kitimoto, na hapo sikukuu imeshaharibika kabla ya soda kufunguliwa.

Mie siandiki hapa kujadili dini ya nani ndo ya haki. Naamini ninachokiamini. Ila Paulo kwenye Wakorintho wa kwanza sura ya 8 anasema wazi kama chakula kinamkwaza ndugu yake basi yeye hatakula nyama kabisa. Anazungumza habari ya vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, sio habari yetu kamili, lakini moyo wake ni ule ule, kwamba haki yangu ya kula nnachotaka ni ndogo kuliko ndugu yangu. Tukamwambia shemeji wa Dar, kwa heshima, na aliyemwambia ni kaka yake mkubwa sio sisi wanawake, kwamba mwaka huu kitimoto hapana na bia mezani hapana, akitaka atakula akirudi kwake. Alinuna. Siwezi kusema alifurahi, alinuna mpaka jioni ya mkesha, lakini alitii kwa ajili ya mama yake na mie namheshimu kwa hilo.

Na pesa. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu naona familia nyingi zinaumia hapa. Zamani mchango wa Krismasi ulikuwa unaandikwa kwenye grupu la familia, fulani ametoa laki, fulani elfu hamsini, fulani bado, na yule bado anaonekana na wote mpaka shemeji zake. Mwenye kazi ya hoteli Disemba ana pesa kwa sababu ndo msimu wa wageni, mwenye genge hana, mwalimu kashalipa ada za Januari, lakini orodha haijui hayo. Safari hii tukatumia Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, yaani kila mtu akamtumia mavyaa kwa simu anachoweza na mavyaa peke yake ndo anajua, hakuna orodha, hakuna kushukuriwa kwa jina. Zikatosha na zikabaki. Mie nasema kwa uzoefu wa familia yetu, orodha ya michango imevunja undugu kuliko hata mashamba, na kama utachukua kitu kimoja tu kwenye maandishi yangu haya chukua hilo la kufuta orodha.

Haya sasa huduma yenyewe. Tulikwenda kwake mimi na mume wangu mwanzoni mwa Majilio. Bi alitukaribisha ndani, akatutilia chai ya tangawizi, akauliza mwanangu ni watu wangapi na wadogo wangapi, wanakula pilipili au hawali, kuna mgonjwa wa sukari au presha, akaandika kwenye daftari. Bei yake kichwa elfu kumi kwa mtu mzima na mtoto nusu yake, hapo unapata pilau ya nyama ya ng'ombe, kuku wa kupaka, kachumbari, achari ya embe, chapati, ndizi mbivu za nazi na juisi ya bungo au ya ukwaju. Sambusa na visheti unalipia mbali. Anataka nusu ya pesa mapema na nusu siku ya kupokea. Ukilinganisha na kununua mwenyewe Darajani wiki ya sikukuu, nyama, mchele, mafuta, mkaa, utaona kuoda ni ghali zaidi lakini sio sana, na ukihesabu ugomvi ni rahisi mno.

Kilichonigusa ni kwamba bi mwenyewe aliuliza mnatoka kanisani saa ngapi. Akasema yeye Idd anataka aswali kwanza ndo ale na anajua na sisi tuko hivo hivo. Tukamwambia tunataka chakula saa tisa mchana kwa sababu kuna shemeji anafanya kazi hoteli ya Kiwengwa, Krismasi hapewi ofu, anatoka shifti saa saba na kufika mjini ni safari. Zamani tulikuwa tunakula bila yeye anakuta masalio, na yeye akawa anaona ametengwa na sisi tunaona anajidai na hoteli yake. Bi akasema saa tisa haina shida.

Haikuwa saa tisa. Chakula kilikuja karibu saa kumi na hapa lazima niwe mkweli kwa sababu mtu akisoma maoni anataka ukweli. Alikuwa na oda nyingine ya harusi siku ile ile na gari ilikwenda huko kwanza, simu anapigiwa mwanawe hapokei, watoto wana njaa, watu wazima wameshaanza kutupiana maneno, nikasikia sauti moja inasema si tungepika wenyewe. Mavyaa hakujibu kitu, akachukua Biblia akamwambia mjukuu wake wa darasa la tano asome Luka 2 kwa sauti, halafu tukaimba, kwanza tuliimba kwa hasira kidogo halafu tukaimba vizuri, na wifi yangu na wanawe walikaa wakasikiliza, mtoto wake mmoja akasema habari ya Maryam na Nabii Issa ipo na kwao, akahadithia alivyofundishwa chuoni kwao kwenye Qur'ani, na hakuna aliyemkatisha. Kwa hiyo saa ile haikupotea. Lakini kuchelewa ni kuchelewa, na nilimwambia bi, na yeye aliomba radhi na akapunguza pesa ya gari. Nampa alama pungufu kwa hilo.

Chakula sasa. Pilau mashaallah. Imeiva punje moja moja, kitunguu kimekaangwa mpaka kimebadilika rangi hasa, bizari nzima na thomu vinasikika mpaka barazani, nyama laini mtu mzee anatafuna bila taabu, mbatata hazikuvurugika, na unaona kabisa imepaliwa makaa juu ya mfuniko manake ilikuwa na harufu ile ambayo jiko la gesi haitoi. Kuku wa kupaka nazi yake nzito, sio ile ya kuongezwa maji. Kachumbari tungule mbichi zimekatwa siku ile ile. Achari kali sana, watoto wasipewe. Chapati ndo zilinivunja moyo, zimepikwa mapema zikakauka, ukikunja inakatika, bora nisingelipia chapati ningenunua mtaani. Juisi ya bungo nzuri lakini sukari nyingi, na tulishasema kuna mgonjwa wa sukari, hilo angelikumbuka. Ndizi za nazi ziliisha kabla mimi sijapata, kwa hiyo siwezi kuzisemea.

Vilikuja kwenye masinia makubwa na makawa juu, ukifunua moshi unatoka. Tukatandika mikeka sebuleni na uani, watu sita sita kwa sinia. Na wifi yangu mkubwa akakaa sinia moja na mama yake. Akauliza tu kapika nani, akaambiwa, akanawa, akala. Wanawe wakachanganyika na watoto wengine hata sikujua yupi kakaa wapi. Mavyaa safari hii hakulia, alikuwa anamtilia mwanawe minofu upande wake kama anavyowafanyia wageni. Mie hapo ndo niliona pesa yetu imefika ilipotakiwa kufika, na yule shemeji aliyenuna alikuwa sinia lile lile, akawa anamtania dada yake kwa kula kwake kama zamani walipokuwa wadogo.

Kuna ndugu kanisani, sitamtaja, aliniambia kwa nini pesa ya Krismasi tumempa Muislamu wakati kina mama wa kwaya nao wanapika. Nalichukulia swali lake kwa uzito. Kina mama wa kwaya wanapika vizuri, lakini nao Krismasi wanataka kuwa kanisani, tena ndo wanaoimba, kuwapa oda ni kuwarudisha wao jikoni pale pale tulipowatoa wakaza wana wa nyumba yetu. Na pili, kwa Unguja hii sisi Wakristo ni wachache, majirani zetu wanatuletea sahani za futari mwezi mzima wa Ramadhani na sahani za Idd, hatuulizi nani kapika, tunakula na kuwaombea. Masinia mawili ya pilau ile tulipeleka kwa majirani wa kulia na kushoto na walikula palepale bila wasiwasi, miaka ya nyuma walikuwa wanapokea kwa adabu na hatujui kilikwenda wapi. Warumi 12 mstari wa 18 inasema kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote. Imesema watu wote, na upande wangu ndo huu ninaoweza kuufanya.

Sitaki mtu adhani pilau imetuponya kila kitu. Kuna ndugu wawili kwenye familia yetu hawazungumzi mpaka leo, sababu ni ya zamani, na wakati wa kupeana amani pale misa walikaa safu tofauti kwa makusudi. Mavyaa aliwaita baada ya Krismasi, akawasomea ile ya kuacha sadaka mbele ya madhabahu uende ukapatane na ndugu yako kwanza, mmoja alikubali kuonana na mwingine amesema bado. Tunaendelea kuomba. Lakini angalau sikukuu haikuwaongezea jambo jipya la kugombania, na wake zao ambao zamani walikuwa wanabebeshwa ugomvi huo jikoni walikaa pamoja misa nzima na wanawasiliana vizuri tu.

Mambo ya kujua kabla hujaoda. Vyombo vyake virudishwe kesho yake asubuhi vikiwa vimeoshwa, na hataki kabisa viwekwe pombe wala nyama asiyoijua, anakuambia hilo mwanzo kwa uso mzuri lakini hana mchezo, kwa hiyo kama nyumba yenu haiwezi kuahidi hilo msimsumbue. Gari unalipia wewe, kutoka mjini kwenda mbali kama Fuoni au Mbweni ni zaidi. Haoki keki. Hapokei oda ya chini ya watu kumi na tano wiki ya Krismasi. Oda mapema kabisa, Disemba ni msimu wa wageni na wa maharusi na yeye daftari lake linajaa, ukisubiri wiki ya mwisho utaambiwa imejaa.

Kwa chakula nampa nne kwa tano, angepata tano bila zile chapati na sukari ya juisi. Kwa muda tatu kwa tano. Kwa adabu na moyo wake tano kamili. Sisi tumeshapeleka nusu ya pesa ya Krismasi inayokuja, tumemwambia saa nane badala ya saa tisa ili akichelewa tusiumie, chapati tumezifuta tumeongeza ndizi za nazi, na mavyaa ameshasema wageni wa Dar wakate tiketi ya boti ya tarehe 23 wasisubiri 24.